Sanduku la Kilo Moja

(Ngoma inaingia, inashuka taratibu.)

Ndugu zangu wa Nakivale, Kyaka, Rwamwanja na kwingineko, na wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu redio imeishiwa betri. Hapa ni Kampala. Chukua sufuria yako ya alumini, igonge kwa kidole. Madini hayohayo, yakichanganywa na mengine ili yawe magumu, ndiyo hutumika kuunda visanduku vya setilaiti ndogo kama ile ya kwanza ya Uganda.

Inaitwa PearlAfricaSat-1. Mwaka 2020 wahandisi watatu Waganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, walianza kuiunda Japani, katika chuo cha Kyushu Institute of Technology. Kila upande ulikuwa sentimita 10, na uzito karibu kilo moja, kama pakiti ya sukari. Ungeweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Kazi ngumu ilikuwa kuchagua vitu vitakavyovumilia huko juu. Setilaiti ya aina hiyo huzunguka dunia kwa dakika kama 90, ikitoka kwenye jua kali na kuingia kwenye giza la baridi, mara 15 au 16 kwa siku. Chuma hutanuka, hujikunja, na lehemu mbaya hupasuka. Tena, pasipo hewa, gundi ya kawaida hutoa mvuke unaotia ukungu kwenye lenzi ya kamera. Mimi gundi ndiyo iliyonishangaza: kazi ya miaka kuharibiwa na tone moja! Ndiyo maana setilaiti hutikiswa kwa nguvu, kisha hufungiwa kwenye tangi lisilo na hewa, kabla ya kuruhusiwa kuruka.

Hata hivyo safari ilitia hofu. Tarehe 6 Novemba 2022 roketi ya Antares haikuruka kutoka Virginia, Marekani, kwa sababu kengele ya moto ililia katika ofisi ya kuongoza chombo. Kesho yake ikaruka. Lakini Cygnus, chombo kilichobeba mzigo, kilifungua bawa moja tu la sola kati ya mawili. Kipande cha kitambaa kinene cha kupunguza kelele ndani ya roketi kilikuwa kimenasa kwenye mtambo wa bawa la pili. Kitambaa, ndugu yangu! Kikaendelea na bawa moja, kikafika kituo cha kimataifa cha angani tarehe 9.

Utauliza, haya yote yananihusu nini, na mgao wangu umepunguzwa? Una haki kuuliza. Kamera yake ilikusudiwa kuangalia maji, rutuba ya udongo na matumizi ya ardhi, kila nukta ya picha ikifunika kama mita 20. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 ni nukta mbili na kidogo. Isingeona mahindi yako, ila ingeweza kuona bonde zima likikauka.

Tarehe 2 Desemba ilisukumwa nje kutoka chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo. Si kile kilele cha Kilimanjaro. Kwa Kijapani neno hilo ni tumaini. Pamoja nayo ilitoka ya Zimbabwe, ZIMSAT-1, na moja ya Japani.

(Ngoma inapanda.)