Randa kuukuu zilizowavusha maseremala wa Dar

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fundi seremala wa Dar es Salaam aliyetaka randa mpya ya chuma alikuwa na kazi kweli kweli. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, bidhaa za nje ziliadimika Kariakoo, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 uliwatia hofu wenye maduka. Kiwanda cha zana za kilimo cha UFI pale Ubungo kilifua majembe, si randa. Seremala akabaki na randa aliyorithi, na akajifunza kuifufua.

Bahati njema, randa hiyo ilikuwa imeundwa ifunguliwe. Leonard Bailey, fundi wa Boston, alibuni katikati ya karne ya 19 randa ambayo ulimi wake hurekebishwa kwa skrubu badala ya kugongwa kwa nyundo na kukazwa kwa kabari. Kampuni ya Stanley ilinunua haki za ubunifu huo 1869. Record ya Sheffield, Uingereza, nayo ikaanza kuuza randa za namna hiyo hiyo 1931, na kabla ya Vita Kuu ya Pili Stanley nao wakawa na kiwanda Sheffield. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo zana za huko ndizo zilizozoeleka katika karakana na shule za ufundi za Ifunda na Moshi. Uzuri wake mkubwa ni huu: ulimi wa inchi 2 wa Stanley namba 4 hukaa vizuri kwenye Record ya saizi hiyo. Randa moja iliyopasuka iliweza kuponya nyingine mbili.

Uingereza nako, mashine za umeme zilikuwa zimechukua kazi ya mkono, na randa za wazee zikalala mabandani zikiliwa na kutu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Glyn Roberts na wenzake walianzisha Tools for Self Reliance, shirika lililoweka makao Netley Marsh, karibu na Southampton. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, walikusanya zana hizo, wakazisugua na kuzinoa katika gereji za nyumbani, kisha wakazipanga kwenye makasha kwa fani: useremala, uhunzi, ushonaji. Makasha mengi yalikuja Tanzania, yakipitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa 1973.

Wale wazee wa Uingereza wanastahili shukrani. Hata hivyo naamini kazi kubwa zaidi ilifanywa hapa kwetu, na wala haikuwa na shirika lililoitolea taarifa. Hewa ya pwani ina chumvi. Randa ikiachwa bila mafuta msimu mmoja wa masika, chuma kinabadilika rangi. Fundi huifungua yote, huloweka skrubu kwenye mafuta ya taa hadi zilegee, husugua kutu kwa brashi ya waya. Kisha ubapa. Hubandika msasa juu ya kioo kizito na kupitisha uso wa chini wa randa mbele na nyuma, akiwa ameuchora kwa penseli. Michoro ikifutika yote kwa pamoja, uso umenyooka. Hapo ndipo huja ulimi, juu ya jiwe lenye mafuta, hadi maranda yatoke mepesi kiasi cha kupitisha mwanga. Mpini uliovunjika huchongwa upya kwa mninga. Ulimi ukiisha kabisa, mhunzi hufua mwingine kutokana na springi ya gari, chuma ambacho hushika makali vizuri kikipozwa kwa ustadi.

Baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, maduka ya Kariakoo yalijaa tena. Zikaja randa mpya za bei nafuu, nyingi zikiwa na ulimi laini usiodumu na makali, zikaja pia mashine za umeme ambazo leo hunguruma Keko kutwa. Mashine inafanya kazi haraka na sina ugomvi nayo. Ila mlango wa mkongo unaokwama kwenye fremu yake bado unahitaji randa ya mkono, na umeme ukikatika fundi mwenye randa nzuri haachi kazi.

Adui wa sasa ni mizani ya chuma chakavu. Randa iliyotengenezwa Sheffield kabla ya uhuru hupimwa kwa kilo pamoja na mabati na kuyeyushwa, kwa sababu tu warithi waliiona imepata kutu. Kutu hiyo mara nyingi ni ya juu juu. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama marehemu babu au mjomba alikuachia sanduku la useremala, lifungue kabla hujamwita mnunuzi wa chakavu. Tazama kama chuma cha randa hakina ufa. Kama hakina, mpelekee fundi aliye jirani nawe, au kijana anayeanza kujifunza ufundi.