Kiatamizi, Kangaruu na Kifua cha Mama

Mashine ya kumpatia joto mtoto njiti huitwa kiatamizi. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi atamia, yaani kazi ya kuku alaliaye mayai yake, nalo linasimulia historia ya chombo chenyewe, iwe waliolibuni walikusudia au la. Mwaka 1878 daktari Mfaransa, Stéphane Tarnier, aliona katika bustani ya wanyama ya Paris mashine ya kuangulia vifaranga. Akamwomba Odile Martin, aliyeiunda, amtengenezee nyingine ya watoto wachanga. Katika miaka ya 1880 ikatumika katika hospitali ya wazazi ya mji huo.

Miaka mia moja baadaye, mwaka 1978, Taasisi ya Mama na Mtoto ya Bogotá, Kolombia, ilikuwa na viatamizi haba. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja katika chombo kimoja, na maambukizo yakawaua. Daktari Edgar Rey Sanabria, na baada yake Héctor Martínez, wakairudisha kazi ya kuatamia kwa mwenyewe. Mtoto huwekwa wima kifuani mwa mama, katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Hulishwa maziwa ya mama, kisha wote wawili huruhusiwa mapema kurudi nyumbani na kufuatiliwa kwa karibu.

Mbinu hiyo ikapewa jina la kangaruu, mnyama wa Australia aleaye mwanawe katika mfuko wa tumboni. Hapo ndipo mfasiri hukwama, kwani asiyemjua mnyama huyo haambulii kitu. Wengine watavutwa na mbeleko, neno letu la asili. Lakini mbeleko humweka mtoto mgongoni, juu ya nguo, mbali na titi, mahali ambapo mama haoni kama anapumua. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu kosa hilo si la lugha tu. Kwa maoni yangu, ulezi wa kifuani ungefaa zaidi, maana jina lenyewe humwelekeza mama.

Liko jambo jingine. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuanza ulezi huu mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya siku 28 za kwanza kwa robo, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mapendekezo hayo. Basi vijitabu vya zamani visemavyo “baada ya hali ya mtoto kutengemaa” havina budi kusahihishwa.