Vazi la Mitambo ya Meli

Ewe msomaji, ukipata kupanda mashua ya injini huko Lamu au Mombasa, tazama katikati ya chombo. Aghalabu utaona sanduku la mbao limeifunika injini, na abiria wameketi karibu yake pasipo kulifikiri. Lakini swali la sanduku hilo, yaani injini ifunikwe kwa kitu gani, ni la zamani, na majibu yake yamegharimu roho za watu wengi.

Mwaka 1769 James Watt, fundi wa Uskoti, alipata hati ya serikali ya kuilinda mitambo yake ya mvuke. Katika hati hiyo alieleza kwamba silinda ifunikwe kwa mbao, au kwa kitu chochote kipitishacho joto polepole. Sababu yake ni nyepesi: mvuke ukigusa chuma baridi hugeuka maji, nguvu ikapotea na makaa yakaliwa bure. Mitambo ilipotiwa katika merikebu, mafundi walizidi kuivika mbao na blanketi nzito za sufu. Vitu hivyo huhifadhi joto vizuri sana. Lakini huweza kuungua vilevile.

Tarehe 2 Januari, 1852, merikebu mpya ya barua iitwayo Amazon iling'oa nanga Southampton, Uingereza, kwenda visiwa vya Karibi. Ilichukua watu wapatao 160. Iliundwa kwa mti, maana wakuu wa manowari walishikilia kwamba meli za barua ziwe za mti. Walidhani chuma hakistahimili mizinga. Safarini mitambo ilipata moto kupita kiasi, ikasimamishwa mara mbili ipoe. Usiku wa manane kuamkia tarehe 4, katika Ghuba ya Biscay, ndimi za moto zilizuka karibu na mitambo. Hapo ndipo penye kutisha. Mafundi hawakuweza kushuka kuizima mitambo, kwa hiyo merikebu iliendelea kukimbia mbele ya upepo mkali, huku inawaka. Na mashua zilizoshushwa katika mwendo ule nyingine zilijaa maji na kupinduka. Watu zaidi ya 100 walikufa. Wachunguzi hawakupata kwa yakini asili ya moto, lakini tangu hapo wakuu wale waliruhusu meli za barua ziundwe kwa chuma.

Basi utaona jinsi watu walivyofurahi kupata asbesto, jiwe liwezalo kuchambuliwa kama pamba, likasokotwa nyuzi, wala lisiungue. Kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 liliviringishwa kwenye mabomba na kukandikwa juu ya matangi ya mvuke. Katika Vita Vikuu vya Pili viwanda vya meli vya Marekani na Uingereza vililitumia kwa wingi mno, na wafanya kazi wakirudi nyumbani wameupe kwa vumbi.

Vumbi hilo si jepesi kama lionekanavyo. Nyuzi zake hukwama mapafuni, na saratani yake huweza kungoja miaka 30 au 40 kabla ya kujitokeza. Mwaka 1930 ripoti iliyotolewa Uingereza ilionyesha madhara yake kwa wafumaji wa asbesto, na sheria ikafuata mwaka 1931. Lakini sheria ile ilielekea viwandani zaidi. Mtu aliyefunga mabomba ndani ya tumbo la meli, palipo finyu pasipo hewa, hakuangaliwa sana. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33, wengi wao wakiwa wameishi karibu na machimbo ya jiwe hilo. Kwingineko iligunduliwa kwamba hata wake waliofua nguo za waume zao waliugua.

Mapatano ya mataifa yalikataza asbesto mpya isitiwe kamwe katika meli tangu tarehe 1 Januari, 2011. Siku hizi hutumika pamba ya kioo na pamba ya mawe. Lakini meli za zamani hazikuvuliwa vazi lake kwa sababu ya sheria hiyo. Nyingi huishia katika fukwe za Alang, India, na Chattogram, Bangladesh, ambako vibarua huzikata vipande vipande, na wamejulikana kuibandua asbesto kwa mikono mitupu.