Jinsi dawa ya kisukari inavyopimwa katika damu

VIDONGE vya metformin ndivyo wanavyoanzishiwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili. Dawa hiyo ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957, kufuatia utafiti wa daktari Jean Sterne, ingawa Marekani iliidhinisha mwaka 1994.

Leo inatengenezwa na viwanda vingi, kwa majina tofauti. Mgonjwa anayepewa pakiti asiyoizoea ana haki ya kuuliza: je, kidonge hiki cha bei nafuu kinafikisha mwilini dawa ile ile?

Ili kupata jibu, watu waliojitolea humeza vidonge vya aina zote mbili kwa nyakati tofauti, kisha damu yao hutolewa mara kadhaa na kupimwa kwa kromatografia ya kimiminika.

Kwanza damu huzungushwa kwa kasi katika mashine ili chembechembe zizame na kubaki plazima, yaani majimaji ya manjano. Kuchelewa hapa ni hatari, kwani metformin huendelea kupenya polepole ndani ya chembe nyekundu. Protini nazo huondolewa, mara nyingi kwa asetonitrili, zisije zikaziba mtambo.

Sampuli husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia mrija wa chuma uliojazwa chembe laini sana za silika. Kila kemikali hunaswa kwa kiwango chake, hivyo hutoka kwa zamu. Mwanga wa urujuanimno, wa takriban nanomita 233, humulika kinachopita, na mtambo huchora kilele ambacho hulinganishwa na vile vya sampuli za kiasi kinachojulikana.

Ugumu ni kwamba metformin hupenda maji mno. Katika mirija ya kawaida, yenye utando wa asili ya mafuta, hupita bila kunaswa na kutoka pamoja na uchafu. Wataalamu huiongezea kemikali ya kuambatana nayo, au hubadili mrija. Isitoshe, kwa dozi za kawaida kiasi kinachotafutwa huwa chini ya maikrogramu moja katika mililita ya plazima.

Mamlaka nyingi za dawa hutaka uwiano wa vidonge hivyo viwili, pamoja na pengo lake la kitakwimu, uwe kati ya asilimia 80 na 125. Hiyo haina maana kwamba kiwanda kinaruhusiwa kupunguza dawa kwa asilimia 20, kama wengine wanavyodhani.

Metformin haivunjwivunjwi mwilini, bali hutolewa na figo kama ilivyo. Figo zikidhoofika hurundikana, na asidi ya laktiki inaweza kuzidi hadi kuua. Hata hivyo, hospitali kwa kawaida hazipimi dawa yenyewe katika damu ya mgonjwa, bali hupima kreatinini ili kujua hali ya figo.