Tiba Shufaa: Faraja ya Nafsi, Maadili na Roho kwa Mgonjwa wa Salgaa

Tiba shufaa ni matunzo apewayo mtu mwenye maradhi mazito yatishiayo uhai wake, pamoja na jamaa zake, ili kwamba, hata pale ambapo tabibu hana tena dawa ya kuyaondoa maradhi, asikose namna ya kuyapunguza mateso. Na Shirika la Afya Duniani, katika fasili yake ya mwaka 2002, liliyahesabu mateso hayo kuwa ya mwili, ya nafsi na maisha ya jamii, na ya roho. Aliyetangulia kuyaona yote kuwa ni maumivu mamoja ni Mwingereza Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea utabibu ukubwani, akafungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Nchini Kenya, Hospisi ya Nairobi ilianza kazi mwaka 1990, na miji mingine ikafuata, Nakuru ikiwa miongoni mwake.

Salgaa, senta ya njiani katika eneo la Rongai, kaunti ya Nakuru, imekaa juu ya barabara kuu iendayo Eldoret na mpaka wa Uganda, na riziki ya watu wake imeshikamana na malori ya masafa marefu yalalayo hapo usiku. Jina lake hutajwa zaidi kwa ajali, kama ile ya alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, ambapo basi na lori viligongana hapo jirani Migaa na roho 36 zikapotea. Kifo cha ghafula huandikwa magazetini. Lakini kile kijacho polepole katika chumba cha kupanga, kwa saratani au kwa Ukimwi uliochelewa kutibiwa, hakina mwandishi wake. Na mgonjwa wa Salgaa aghalabu ni mgeni: dereva, utingo, au mwanamke aliyeacha kwao miaka mingi na asiyependa kwao wajue alikuwa akiishi vipi. Basi wanaposema wataalamu kwamba jamaa washirikishwe, hatuna budi kuuliza kwanza jamaa ni nani, kwa kuwa anayemletea uji ni mama mwenye hoteli, anayemgeuza kitandani ni jirani wa ploti, na wanaomchangia nauli ya kwenda Nakuru ni wenzake wa chama. Hao ndio wenye haki ya kufundishwa namna ya kumhudumia, na ndio wenye haki ya kufarijiwa akifa. Ila siri ya maradhi yake si yao mpaka yeye mwenyewe atoe idhini.

Hapo ndipo maadili yanapokuwa mazito. Ada ya kumficha mgonjwa ukweli, tabibu akaitwa pembeni na mwana mkubwa ili mama asiambiwe, hutokana na mapenzi, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 humpa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kutosha kwamba kuelezwa kutakwenda kinyume cha maslahi yake, na yataka aelezwe, iwezekanapo, kwa lugha aifahamuyo. Sharti hili la lugha ni kubwa kuliko lionekanavyo. Bibi wa Kikipsigisi asiyejua Kiswahili vizuri hufasiriwa na mjukuu wa shule, na mtoto huyo, akilifikia neno saratani, hulimeza. Kumtwika mtoto amana hiyo ni dhuluma kwa wote wawili. Mfasiri na awe mtu mzima, naye bibi aulizwe kwanza angependa kujua kiasi gani, kwani haki ya kujua haimlazimishi mtu kujua.

Mintarafu ya roho, mgonjwa huuliza kwa nini yeye, na amemkosea nani. Mkatoliki hutaka padre na mpako mtakatifu, Mwislamu hutaka asomewe Yasini na, saa ikifika, atamkishwe shahada, na wengi humwita mchungaji wao; kazi ya mhudumu ni kuwaita hao, wala si kuhubiri yeye. Viongozi wa dini wenye hekima ni hazina, lakini anayemwamuru mgonjwa aache mofini, dawa imtulizayo maumivu, ili kuithibitisha imani yake amemwongezea adhabu, na ni wajibu kumkabili kwa adabu bila kumwogopa. Tena, katika nchi hii iliyoona machafuko ya kikabila ya mwaka 1992 na ya 2008, kuna wanaolala na kinyongo juu ya jirani wa kabila jingine, au na dhambi waliyoitenda. Kuombana radhi huwatuliza kwa namna ambayo kidonge hakiwezi.

Liko jambo moja ambalo wageni wa Salgaa hulitaja mapema kuliko wenyeji, nalo ni mahali pa kuzikwa. Kusafirisha maiti hadi Busia au Kitui kwahitaji fedha nyingi, na mhudumu alipangaye jambo hili pamoja na mgonjwa angali ana kauli, akaandika wasia wake na jina la atakayepigiwa simu, amempa usingizi wa usiku ule.