Baridi ya Kubeba: Barabara ya Thika na Vinywaji Vyake

Anayetoka Nairobi kwa kampavani, lile gari lenye kitanda nyuma, jiko la gesi na friji iliyobanwa chini ya kabati, hupita Ruiru na kufika Thika bila kusumbuliwa na habari ya baridi. Kila kituo cha mafuta kina maji ya chupa ndani ya friji ya kioo. Mtihani huanza akishavuka Thika. Hapo njia hugawanyika: moja hupanda kuelekea Murang'a, Nyeri na Mlima Kenya, ambako usiku pekee unatosha kupoza soda, nyingine hushika mashariki, ikapita Mwingi hadi Garissa, ambako kivuli chenyewe kina joto. Anayeshika hii ya pili huulizana na wenzake maswali yale yale yaliyoulizwa na waliopita hapa kwa gari la maksai: tubebe nini, tukifunge vipi, na kitakaa baridi hadi lini?

Wasafiri wa zamani zaidi katika eneo hili hawakuwa na swali hilo kabisa. Wakikuyu waliokwenda kufanya biashara na Wakamba ng'ambo ya Athi, au na Wamaasai kule nyikani, walibeba uji uliochachuka ndani ya kibuyu. Uji huo, ucuru kwa Kikuyu, hauogopi jua. Uchachu wake ndio kinga yake, na aliyetembea tangu alfajiri huuona mtamu ukiwa na joto lile lile la mkono uliobeba kibuyu. Walowezi wa Kizungu ndio walioleta tatizo jipya, yaani vinywaji ambavyo utamu wake hutegemea baridi, katika nchi ambayo barafu ilipatikana kileleni mwa Mlima Kenya tu.

Hoteli ya Blue Posts, pale kati ya maporomoko ya mto Chania na yale ya mto Thika, ilianza mwaka 1908. Miaka mitano baadaye, 1913, reli ya tawi ilifika Thika, na mwaka huo huo msichana mdogo aliyekuja kuitwa Elspeth Huxley alipelekwa kwenye shamba la wazazi wake la huko. Katika kitabu chake cha 1959, The Flame Trees of Thika, familia inaondoka Nairobi kwa mkokoteni wa wazi unaokokotwa na maksai wanne. Safari ambayo leo hula chini ya saa moja ilikuwa ya vumbi, jua na kulala njiani. Hapo ndipo ujanja wa kupoza ulipopata kazi.

Ujanja wenyewe ulikuwa maji na upepo. Mfuko wa turubai nene hujazwa maji na kufungwa mdomo. Mara ya kwanza huvuja kama kikapu, kisha nyuzi za kitambaa hulowa, zikavimba na kubanana, na kinachobaki ni unyevu tu unaotokeza nje kidogo kidogo. Unyevu huo ukipigwa na upepo hukauka, na kukauka kwake huondoa joto kwenye maji yaliyo ndani. Wenye mikokoteni waliuning'iniza chini ya kivuli cha gari. Magari ya petroli yalipokuja, mfuko ulihamia mbele, ukafungwa kwenye bampa, kwa kuwa gari likikimbia hujitengenezea upepo lenyewe. Chupa za bia nazo zilivishwa soksi mbichi au gunia lililoloweshwa, zikaachwa zipigwe na upepo huo huo.

Nguvu ya njia hii si ndogo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto la kilojuli 334. Kilo moja ya maji ikikauka hufyonza karibu kilojuli 2,400, yaani takriban mara saba zaidi. Barafu hushinda kwa sababu ina haraka, na kwa sababu hushusha joto hadi karibu sufuri, mahali ambapo mfuko wa turubai hauwezi kufika. Mfuko nao huchagua majira. Januari na Februari, hewa ya Thika ikiwa kavu, hufanya kazi vizuri sana. Aprili, mvua zikishika na hewa ikijaa unyevu, huwa mfuko wa kubebea maji tu. Aliyeupeleka Mombasa akitarajia maajabu aliambulia maji ya vuguvugu.

Nyumbani, kanuni hiyo hiyo ilijengewa kuta. Sanduku la makaa lilikuwa na fremu ya mbao, wavu wa waya ndani na nje, na makaa yakajazwa katikati. Maji hudondoka juu ya makaa polepole, makaa yenye matundu huyashika, upepo hupita, na ndani hubaki ubaridi wa kutosha kutunza maziwa, siagi na chupa kadhaa. Walowezi wengi waliishi na sanduku hilo kwa miaka mingi. Wasomaji wenye mashamba ya mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa nje, watalitambua mara moja, maana ndilo banda la kupozea mazao ambalo wakulima wadogo huwekea mboga wakingoja lori la mnunuzi. Sanduku la kulinda siagi ya mlowezi sasa linalinda mboga za mkulima wa Kirinyaga na Murang'a zinazoelekea Ulaya. Mimi huona huo ni ushindi mkubwa kuliko wa friji nyingi za kifahari.

Baridi ya umeme ina kinaya chake katika eneo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni iliyopewa haki ya kuiuzia Nairobi umeme ilijenga kituo cha nguvu za maji kwenye mto Ruiru. Mwaka 1922 kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliungana kuwa East African Power and Lighting, na katikati ya mwongo huo kituo cha Ndula, cha megawati 2 hivi, kikaanza kazi kwenye mto Thika. Kwa hiyo mteja wa Nairobi aliyewasha taa miaka hiyo alikuwa akitumia maporomoko ya huku. Wanakijiji walioishi kando ya mito hiyo waliona nguzo zikipita, waya ukienda mjini, na wao wakaendelea na mtungi. Vijiji vingi vya Kiambu na Murang'a vilisubiri hadi baada ya uhuru, na vingine miongo kadhaa zaidi, ndipo friji ikawa kitu cha kuwaziwa.

Waliokuwa mbali na waya walipata msaada kutoka Stockholm. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyohitaji mota. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha hugeuka mvuke tena ndani ya friji na kuchukua joto la vilivyomo. Kampuni ya Electrolux ilianza kuziuza mwaka 1925. Friji za mafuta ya taa zikafika mashambani, kwenye misheni na baadaye kwenye zahanati, ambako dawa za chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Aliyewahi kuishi na moja hasahau kazi yake: utambi ukatwe sawasawa na moto uwe wa buluu. Moto ukigeuka wa manjano, moshi hujaza chumba na maziwa huchacha kabla ya asubuhi.

Friji hiyo ndiyo bibi wa friji za kampavani. Zile zinazotumia gesi hufuata kanuni ile ile hadi leo, na zimerithi kero yake kubwa: hazipendi mteremko. Amonia husafiri ndani ya mabomba kwa uzito wake tu, hivyo gari likiegeshwa upande, mzunguko husimama. Nenda Fourteen Falls kule mto Athi, mwendo mfupi kutoka Thika, wikendi yenye wapiga kambi. Utamwona mtu amechuchumaa kando ya gurudumu akisukuma jiwe bapa chini yake, mwenzake yuko ndani ameweka bilauri ya maji juu ya kabati, anaangalia maji yamelala upande gani na kupaza sauti, "Bado, ongeza kidogo!" Asiyejua hudhani wanaogopa gari lisibingirike mtoni. Wanatafuta bia baridi.

Siku hizi wengi wameachana na mawe hayo. Friji zenye kompresa ndogo ya volti 12 hufanya kazi hata gari likiwa limeinama, zikilishwa na betri ya pili na paneli ya sola juu ya paa. Hata hivyo hazina muujiza. Ukiitia kreti ya soda iliyoshinda juani, friji hiyo itahangaika mchana kutwa na kumaliza betri kabla ya machweo. Wazoefu hupoza kila kitu nyumbani kwanza, hugandisha chupa kadhaa za maji ziwe barafu ya njiani, hupakia hadi friji ijae pasibaki nafasi ya hewa, na hawafungui mlango ovyo.

Hilo la kupoza kwanza watu wa maziwa wanalijua vyema zaidi. Ruiru ni nyumbani kwa Brookside, iliyoanzishwa mwaka 1993. Malori ya matangi yanayoleta maziwa mabichi kwenye viwanda vya namna hiyo hubeba baridi tu: maziwa hushushwa hadi nyuzi 4 hivi kwenye vituo vya kukusanyia, kisha tangi lenye kuta nene huilinda baridi hiyo hadi kiwandani. Maziwa yakipakiwa yakiwa na joto, hakuna tangi litakaloyaokoa.

Yapo pia maziwa yanayopita hapa usiku bila tangi wala nembo. Wanawake wa Isiolo hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyatuma kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, safari inayopita Thika na Ruiru. Vyombo hufukizwa kwanza kwa moshi wa kuni teule, kazi ya mikono yenye ujuzi wa vizazi, na wengine huvifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili upepo wa safari uvipoze. Maziwa ya ngamia huvumilia joto kuliko ya ng'ombe, lakini hayavumilii uzembe. Katika makala za utalii sijaona pahali wanawake hawa wanapotajwa, ilhali wao ndio wanaotumia barabara hii kila siku kusafirisha kinywaji mamia ya kilomita, na baadhi yao wakitumia fizikia ile ile ya mfuko wa turubai.

Barabara yenyewe ilibadilika kati ya 2009 na 2012. Rais Mwai Kibaki aliifungua Thika Superhighway tarehe 9 Novemba 2012, kilomita 50 hivi, na biashara moja ya baridi ikapata pigo. Kabla ya hapo msongamano ulikuwa soko. Kijana alipita kati ya matatu na ndoo begani, ndani yake maji, barafu iliyovunjwa vipande na chupa zinazogongana, akafuta moja kwa kitambaa na kuipitisha dirishani huku magari yakianza kusogea. Magari yalipoanza kukimbia, wachuuzi walirudi kwenye vituo na barabara za pembeni, Githurai, Ruiru na Juja. Barafu za watoto, zile za juisi iliyogandishwa kwenye kijikaratasi cha nailoni, zilisukumwa pembeni na marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017. Kisha, kuanzia Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zikapigwa marufuku katika mbuga za taifa. Anayeelekea Ol Donyo Sabuk, hifadhi inayoonekana ukiwa Thika, hawezi tena kujaza gari chupa za dukani. Maji hubebwa kwenye birika la chuma au chupa ya kudumu, na ndugu wa mfuko wa turubai wamerudi kupitia mlango wa sheria.

Na bia? Barabara hii ina historia yake. Ndugu wa familia ya Hurst walianzisha Kenya Breweries huko Ruaraka mwaka 1922, na mmoja wao, George, aliuawa na ndovu mwaka uliofuata. Ndipo jina Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, likatokea. Mwaka 1998 Wasauzi walifungua kiwanda cha Castle mjini Thika, vikaanza vita vya bei na matangazo, na mwaka 2002 wakakifunga na kumwachia mpinzani uwanja. Bia zote hizo kuu ni za aina ya laga, ambayo huiva kiwandani kwa kuwekwa kwenye baridi kwa muda mrefu.

Lakini ingia baa yoyote kati ya Ruiru na Makongeni ya Thika, uagize, na kabla hujakaa sawasawa utaulizwa: "Baridi ama moto?" Swali hilo si la adabu tu. Wazee wengi, na vijana wao pia, hujibu moto bila kusita. Wengine husema baridi huumiza koo, wengine kwamba huficha ladha. Nami nadhani vizazi vilivyokunywa bila friji, kwa kuwa waya wa Ndula ulivipita, vilizoea, na mazoea yakageuka upendeleo ambao haukuondoka umeme ulipofika. Kwa hiyo utakuta friji mpya ya kioo yenye nembo ya kampuni inawaka taa mchana kutwa nyuma ya wavu wa kaunta, na mhudumu anainama kando yake kutoa chupa kwenye kreti iliyo sakafuni.