Chembe Zinazobeba Gesi Majini

Maji huipokea oksijeni kwa shida. Lita moja katika nyuzijoto 25 hubeba takribani miligramu 8 tu za oksijeni ya hewani, nazo huingia polepole. Kwa viwanda vinavyokuza bakteria na fangasi wa kutengenezea dawa, kasi hiyo ndogo ni kero ya miaka mingi.

Mwaka 1923 W. G. Whitman alieleza kikwazo kilipo. Gesi na kimiminika vinapokutana, kila upande una utando mwembamba uliotulia, na gesi lazima ipenye tando hizo molekuli kwa molekuli. Wahandisi wakapambana nazo kwa nguvu: kukoroga kwa kasi, kupasua viputo. Kazi hiyo ilikula umeme mwingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likazuka wazo jingine, kwa kutumia unga wa mkaa amilifu uliochanganywa majini. Punje zake zilifanya kazi ya hamali wa bandarini: huingia kwenye utando, hunasa gesi, huishusha ndani ya maji, kisha hurudi kuchukua nyingine. Lakini unga ulihitaji kukorogwa daima, la sivyo ulituama.

Jibu la tatizo hilo lilitoka kwa mtu aliyekuwa akishughulikia joto. Mwaka 1995 Stephen Choi, wa maabara ya Argonne nchini Marekani, alipendekeza kimiminika cha kupoozea mitambo chenye chembe za chini ya nanomita 100, akakiita nanofluidi. Chembe ndogo kiasi hicho huelea muda mrefu.

Mwaka 2006 wanasayansi wa chuo cha MIT walitumia chembe za oksidi ya chuma zilizopakwa asidi ya oleiki. Chini ya asilimia 1 ya ujazo ilitosha kuongeza kasi ya oksijeni kuingia majini hadi mara 6. Mwaka huohuo watafiti wa Korea Kusini waliona amonia nayo ikifyonzwa upesi zaidi.

Leo macho yameelekezwa kwenye hewa ukaa, inayonaswa kwa kemikali ziitwazo amini tangu hataza ya R. R. Bottoms ya 1930. Hapo ndipo penye mtihani mgumu, maana amini huchemshwa kila mzunguko ili iachie gesi, na joto huzigandamanisha chembe zilizotiwa humo. Kwa hiyo kasi ya siku ya kwanza maabarani haitoshi. Anayetangaza nanofluidi mpya aonyeshe pia hali yake baada ya miezi ya kuchemshwa na kupozwa.